Saa Yangu Imerudishwa Ujana

Jumatatu, 3 Juni

Chai ya Rangi hayupo!

Nimelifungua kopo la biskuti mara nne tangu nirudi kazini. Kiziwi yupo. Kiherehere yupo, anakimbia mbele ya wakati kama kawaida yake. Mnene yupo. Pacha yupo. Wa tano hakuna. Nimemwaga soksi zote, nimeinua godoro, nimeingiza mkono hadi kwapani nyuma ya kabati, nikatoka na kitana. Kitana kile kile nilichosema wifi yangu amekiazima akanyamaza nacho. Miaka miwili namwangalia nywele zake kwa jicho baya! Astaghfirullah. Nimekirudisha nyuma ya kabati. Nitamwomba msamaha, lakini si leo, leo nina msiba.

Kwa wengine saa ni saa. Zangu ni za zamani, za mkononi, za otomatiki, zile zenye vitufe viwili ubavuni na viduara vidogo ndani ya uso, za kupimia mbio. Fundi wa Saa anaziita kronografu, na akilitaja neno hilo anakaa wima. Hazitaki betri. Zinakula mwendo wa mkono tu. Na mimi ni mpiga pasi kwa dobi — mkono wangu wa kulia unakwenda na kurudi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Yaani Mwenyezi Mungu kanipa riziki yangu na ya saa zangu kwenye meza moja. Kila siku navaa mmoja, kwa zamu, asiwepo anayelala na njaa.

Chai ya Rangi ndiye kipenzi, sifichi. Alizaliwa na uso mweusi. Jua la miaka hamsini limemgeuza kahawia, ile ya chai iliyokolea ukiinua glasi dirishani. Watu wanaona saa iliyoungua. Mimi naona mtu aliyeishi.

Nimemuuliza Baba Watoto. Amesema nitafute vizuri, macho yangu yamezoea mikunjo ya mashati. Halafu akatoka anapiga mluzi.

Mume wangu hapigi mluzi!

Jumanne, 4 Juni

Nimemshuku wifi. Najua, najua. Lakini anakaa ghorofa ya juu, ana ufunguo wetu, na leo kavaa mikono mirefu katika joto hili.

Nimepanda kwake nikasema nataka kumpima mkono, eti nimeona bangili nzuri mahali. Nikaupandisha mkono wa gauni hadi kiwikoni. Nikageuza na mwingine.

"Wifi," akasema, "unanipima au unanichumbia?"

Hakuna saa. Kulikuwa na mpira wa nywele na alama ya kuungua na mafuta. Sasa anasubiri bangili. Siku ya pili hii na tayari nina madhambi matatu: dhana mbaya, uongo, na kitana.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna. Nimeomba dua baada ya kila swala. Sijui kama inafaa kuombea saa, lakini sikutaja jina, nimesema "kile kilichopotea."

Baba Watoto karudi kutoka gereji na vidole vya buluu. Yeye ni mpuliza rangi za magari, kila siku hurudi na rangi yake. Jana alikuwa wa fedha.

Alhamisi, 6 Juni

Ee Mola wangu, nipe kauli njema.

Leo tumetimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mimi nilikumbuka, nikamnunulia shati na nikalipiga pasi mwenyewe, mikunjo ya mkono ukiigusa inakukata. Sikutarajia kitu kwake. Mwaka wa kumi alinipa tairi.

Baada ya alasiri akaniketisha. Akaniambia nifumbe macho. Akaniwekea kitu kwenye kiganja, nikakitambua kwa uzito kabla sijafumbua, na moyo ukaruka kwa furaha — Chai ya Rangi! Nikafumbua.

Buluu.

Buluu ya gari! Ile ya chengachenga, inayometameta. Amempulizia uso. Kamvua mishale kwa msaada wa fundi redio jirani yake, kamkwangua uso kwa msasa laini mpaka chuma kikaonekana, kapiga rangi ya msingi, kapiga buluu mikono mitatu, kapiga vanishi juu. Namba kaziandika upya kwa brashi ya unywele mmoja, nyeupe. Kasha nalo limepigwa polishi ya bampa. Lilikuwa na kona kali, sasa limekuwa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

"Haipauki," akasema. "Hata miaka hamsini! Buluu hii ndiyo niliyompigia yule daktari, akasema gari lake linamsalimia."

Nikamgeuza, labda mgongo umesalimika.

"Nilikuwa naona haya, mama. Mke wangu anakwenda kazini na saa iliyoungua, na mimi ndiye mtu wa kufanya vya zamani viwe vipya. Tangu Jumatatu naifanya wakati wa chakula, wenzangu wanakula."

Na macho yake yalikuwa na maji! Mtu huyu hakulia hata gari lilipomkanyaga mguu.

Mimi siwezi kusema uongo siku kama ile. Ule wa bangili ulikuwa wa kazi. Nikatafuta la kweli. Nikasema, "Sijawahi kuona saa kama hii." Kweli kabisa! Nikasema, "Inang'aa." Nikasema, "Mikono yako hii, Baba Watoto." Akanikumbatia. Nikalia. Akadhani ni furaha, na mimi nikamwacha adhani, na sijui hilo linaandikwa upande gani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimevaa. Ningefanyaje? Alinifunga mkanda yeye mwenyewe.

Kwa dobi wote wameipenda. Mama Dobi, mwenye duka, amesema sasa hiyo ndiyo saa. Miaka sita namvalia saa za heshima mbele yake hakuona hata moja! Mteja mmoja kauliza kama ni ya watoto.

Nikibonyeza kitufe cha kurudisha, mshale mrefu haurudi juu. Unakwenda kusimama kwenye saba, unatikisika kidogo kama mtu aliyepanda ghorofa isiyo yake.

Nimejisema sana. Mtu kakupenda kwa mikono yake, wewe unalilia rangi. Kuna wanawake hawapewi hata salamu. Nimeswali rakaa mbili za kushukuru. Katikati ya rakaa ya pili nimejikuta nawaza pale mahali pekundu pembeni ya uso, karibu na namba kumi na moja. Nimeanza upya.

Kisha jioni, chai mkononi, Baba Watoto kasema: "Nimeona si haki kuitengeneza moja. Wale wanne watajiona yatima. Jumapili ya wiki ijayo sina kazi, niletee wote. Yule mnene nampa nyekundu ya zimamoto."

Mnene! Nyekundu!

Nimemwagia chai kwenye shati la miaka ishirini na mitano.

Jumamosi, 8 Juni

Kopo linajulikana. Kabati linajulikana. Debe la unga analifungua yeye kutafuta vijiko. Kwa hiyo nimewavaa. Wote wanne, wawili kila mkono, chini ya mikono ya gauni, na Buluu juu yao kwa maonyesho. Watano kwa jumla. Nimetembea nyumbani siku nzima mikono imeachana na mwili kama kuku aliyelowa.

Sikufikiria udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi! Nimejifungia bafuni, vua mmoja, vua wa pili, vua wa tatu, osha, futa, vaa. Baba Watoto akagonga: "Mama, unaoga au unajenga?"

Tuliposimama kuswali, yeye mbele, mimi nyuma, nikasikia. Wote wanaongea. Kiziwi, ambaye nikimbonyeza kazini hasikii, alibonyezeka mwenyewe nilipofunga mikono na akaanza kupima. Kiherehere anakimbilia swala inayofuata. Tulipotoa salamu Baba Watoto akabaki ametega sikio.

"Kuna mdudu wa chuma humu ndani," akasema.

"Labda ni jokofu."

"Jokofu liko jikoni, mama. Hii sauti iko kwako."

Nikasema moyo wangu umekuwa ukienda mbio siku hizi. Kweli! Lakini sasa anataka nikapimwe, na usiku wakati wa kula kaniwekea chakula kisicho na chumvi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa Fundi wa Saa. Kibanda chake ni upana wa mlango, yeye na kioo chake cha jichoni. Nikamwekea Buluu mezani bila maneno.

Akaangalia. Akavua kioo. Akakifuta. Akakivaa tena.

"Huyu ni nani?"

"Chai ya Rangi."

"Usinitanie, dada yangu."

"Wallahi."

Akaomba maji. Mimi ndiye mteja, nikamwendea maji! Akanywa, akauliza mwizi gani kafanya. Nikasema mume wangu. Akasema pole. Nikasema kafanya kwa mapenzi. Akasema, basi pole mara mbili, maana wa chuki ungemshtaki.

Nikauliza kama ile ya zamani ipo chini, tuivue hii ya juu. Akasema msasa haubakishi. Kilichoondoka kimeondoka. Mshale wa saba ataurekebisha. Kisha akanitazama na kuniuliza wengine wako wapi. Nikapandisha mikono ya gauni yote miwili. Kacheka mpaka kioo kikadondoka.

"Mwambie," akasema. "Mwambie leo. Mikono haiwezi kubeba zaidi."

Nikapita kwa wifi kutafuta ushauri mwingine, maana ule wa Fundi ulikuwa mgumu. Wifi kasema nimwambie kaka yake kwamba saa zimeibwa. Nikasema huo si uongo mdogo. Akasema basi nipeleke moja nyekundu kwake, yeye anapenda nyekundu. Kisha akauliza, na bangili je?

Nimemwambia la kitana. Sijui kwa nini, limetoka lenyewe. Kaniambia kwamba yeye naye miaka miwili anasema mimi nimechukua mwavuli wake. Mwavuli uko mlangoni kwangu! Nilidhani ni wa kwetu. Tumecheka tukashikana. Nikarudi mwepesi, nimekata shauri: nitasema leo.

Sikusema. Alikuwa amelala kwenye kiti na kitambaa cha kufutia Buluu kipo mapajani.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema. Haikuwa nilivyopanga.

Nilirudi saa kumi na moja, nikavua wote wanne kwa ajili ya udhu, nikawapanga kwenye ukingo wa sinki. Nikaswali. Nikasahau! Mawazo yote yalikuwa kwenye maneno ya kumwambia. Nilipotoka chumbani Baba Watoto yuko mezani, gazeti limetandikwa, bisibisi ndogo ya fundi redio mkononi, na Mnene yuko chali, mgongo wazi.

"Nimewakuta wanaoga," akasema kwa furaha. "Nikasema ya nini kungoja Jumapili?"

Na kando yake kikopo. Chekundu.

Nikapiga kelele. Si neno, kelele tu. Bisibisi ikaruka. Nikasema, "Usimguse!" Nikamnyanyua Mnene na gazeti lake, nikamkumbatia na gazeti. Kisha yote yakatoka kwa mkupuo: kwamba nawapenda walivyo. Kwamba kuungua kule ndiko kuzuri. Kwamba Chai ya Rangi alichukua miaka hamsini kupata rangi ile na hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo. Kwamba ile buluu ni buluu nzuri sana, kwa gari.

Akatazama vidole vyake.

"Kwa hiyo ulikuwa unalia kweli," akasema. "Siku ile."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakubembeleza nikicheka."

Akafunga kikopo chekundu, taratibu, akakigonga kifuniko kwa kiganja kama wanavyofanya ili rangi isikauke. Akasema, "Miaka ishirini na mitano, mama, unapenda vitu vilivyochakaa, hujaniambia. Hata mimi basi nisingejipaka rangi nywele." Ilikuwa ni mzaha. Alijaribu kuucheka, haukumtoka vizuri.

Akavaa viatu akasema anakwenda msikitini mapema.

Sikujua kama anapaka nywele! Kweli sikujua. Nilidhani ni baraka.

Jumanne, 11 Juni

Ameitikia salamu. Amesema "ndiyo" mara tatu na "hapana" mara moja, hapana ilikuwa ya sukari. Katoka alfajiri, karudi baada ya isha. Nimemsikia akimwambia dada yake ngazini kwamba yuko sawa, amechoka tu.

Nimevaa Buluu kazini kwa hiari yangu, hakunifunga mtu. Mama Dobi kaniuliza mbona nimeunguza kola.

Mshale bado unasimama kwenye saba. Sikuupeleka kwa Fundi. Sijui kwa nini.

Jumatano, 12 Juni

Naandika haraka. Nimeingia chumbani nikisema nachukua miwani. Miwani iko puani.

Baba Watoto karudi mapema, jua bado lipo. Kavuta meza mpaka dirishani, kachomoa karatasi ya kaki mfukoni, kaikunjua, katoa vifuniko vya chupa, kavipanga mstari. Kumi na viwili. Kila kimoja kimepakwa ndani. Vyote kahawia! Hakuna viwili vinavyofanana.

"Rangi yake ya zamani sikuwa nayo niiangalie," akasema. "Nimeipiga kwa kukumbuka. Katikati ilikuwa giza, sivyo? Halafu ukienda pembeni inafunguka. Na pale karibu na kumi na moja palikuwa pekundu, kama ncha ya kidole."

Nikasema, "Ulipaona?"

"Mama, mimi naangalia rangi. Kila siku asubuhi umeivaa unanimiminia chai. Nitaacha kuiona?"

Hajanyoa tangu jana. Kidevu chote cheupe. Kumbe na weupe wa kidevuni alikuwa akiuficha, kwa wembe! Kimempendeza mno, na sijapata nafasi ya kusema.

Sasa tatizo. Anataka kumpaka Chai ya Rangi uzee. Na Fundi wa Saa kashaniambia siku nyingi: kwenye mambo yetu haya hakuna uchafu kama uzee wa kupaka. Kupiga buluu ni ujinga, mtu anasamehewa. Lakini kutengeneza kahawia ya kudanganyia — watu hao hawaongeleshwi! Hawakai meza moja na wenye saa. Nikimruhusu, Fundi atamtazama kwa kile kioo chake na atajua kwa pumzi moja. Na mimi ndiye niliyesema hakuna mwingine duniani aliyekuwa na rangi ile.

Ila kifuniko cha tisa ndicho.

Nimekitazama nikageuza uso, nikarudi. Ndicho! Si karibu, ndicho chenyewe, na pale pekundu pako mahali pake. Alisema cha tisa alikifanya mara saba, akakifuta mara sita, na wenzake gerejini wakamuuliza ni gari la nani hilo lenye rangi ya kutu.

Sikumwambia ni cha tisa. Nilisema nachukua miwani.

Kaniuliza mara mbili kupitia mlangoni. Ya kwanza, "Umeiona?" Sasa hivi ya pili: kasema niwahi, jua linashuka ukutani, na rangi haichaguliwi kwa taa.

Nimeshavua miwani nimeivaa tena. Anasogeza vifuniko, nasikia vinavyogongana. Anaviweka mbele vile anavyodhani vitanifaa.

Anaita.